Doa la Manjano Kwenye Kisanduku cha Viungo

Mpishi wa Kihindi anapokaangia dengu viungo hana nafasi ya kutafuta kitu. Mafuta yakishapata moto, haradali hutangulia. Ikianza kupasuka hufuata jira, kisha mvuje kidogo, halafu manjano na pilipili. Ukichelewa sekunde chache jira inaungua na sufuria nzima inakuwa chungu. Ndiyo maana viungo vya kila siku hukaa pamoja katika kisanduku kimoja, masala dabba, kinachofunguka kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa na kijiko.

Siku hizi kisanduku hicho ni cha chuma kisichoshika kutu, cha mviringo, chenye vibakuli saba ndani, na wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wamekiona kwa majirani zao wenye asili ya Gujarat. Zamani kilikuwa cha mbao. Gujarat na Rajasthan walitumia sheesham au msaji, Kerala hata mfenesi, na Watamil wana anjarai petti yao ya vyumba vitano.

Ukitaka kununua cha mbao cha zamani, kitazame kwa karibu. Vingi havina kiungio hata kimoja: fundi alichukua kipande kizima cha gogo akachimba vyumba kwa patasi, na ukipitisha kidole chini ya chumba utazigusa alama za chuma. Kifuniko kimeshikwa na pini moja, kinazungushwa pembeni badala ya kuinuliwa, na palipo na pini mbao imelika kwa kusuguana. Nakshi za juu, yaani maua, majani na duara la yungiyungi, zimelainika pale vidole vilipozoea kushika; kwingine kingo bado ni kali. Kisanduku kipya kilichozeeshwa kwa msasa huwa kimelika sawasawa kila mahali.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha rula. Mbao ikikauka husinyaa sana kwa upana wa nyuzi zake, na kwa urefu karibu haisinyai. Kwa hiyo kisanduku kilichokerezwa duara kamili, baada ya miongo kadhaa, huelekea umbo la yai. Pima kipenyo pande mbili zinazokatana. Vikilingana kabisa, anza kushuku.

Halafu chungulia ndani. Rangi ya manjano hufifia juani, lakini kwenye giza la chumba cha mbao hudumu, kwa hiyo kisanduku cha jikoni hutarajiwa kuwa na doa la njano angalau katika chumba kimoja. Ukikuta wekundu, jihadhari. Visanduku vingi vinavyouzwa kama vya viungo vilikuwa vya kumkum, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso. Na kumkum ya asili nayo hutoka kwenye manjano, ila yamechanganywa na chokaa, ambayo hugeuza njano kuwa nyekundu. Mabadiliko hayohayo yanaweza kukusaidia: futa doa la njano kwa pamba yenye unyevu, kisha idondoshee pamba hiyo, wala si mbao, maji ya chokaa. Ikiwa nyekundu, umepata manjano ya mpishi.

Suala la wekundu linagusa afya pia. Sindoor, unga ambao wanawake wa Kihindu walioolewa hupaka kwenye mstari wa kugawa nywele, umewahi kutengenezwa kwa madini yenye zebaki au risasi, na mbao huyanywa. Kisanduku chenye wekundu kiwekwe sebuleni. Chakula kisiingie humo kabisa.

Inaniuma kuona wauzaji wakivisugua visanduku hivi hadi ndani na kuvipaka vanishi ing'ae. Doa lile la njano ndiyo kumbukumbu pekee ya wanawake waliokitumia, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kitambaa kikavu na brashi laini vinatosha. Usikipake mafuta ya kupikia, maana yatachacha, na usikianike juani.

Mwisho, waulize wauzaji kilitokaje India. Sheria ya nchi hiyo ya 1972 inakataza mtu binafsi kusafirisha nje kazi ya sanaa yenye umri wa miaka 100 au zaidi. Anayekuambia kisanduku chake kina miaka 150 na amekileta mwaka jana, ama amekosea umri ama amevunja sheria. Kwa vyovyote vile, usinunue.