Ng'ombe, Mahari na Mkwe: Maneno ya Ndoa katika Bonde la Kyela

Msamiati wa ndoa katika Kiswahili una asili mbili zilizo wazi, kwa kuwa maneno kama kuoa, mke, mume na mkwe ni ya Kibantu, ilhali nikahi, mahari, talaka na eda yaliingia pamoja na Kiarabu na sheria ya Kiislamu. Kundi hili la pili lilipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa lilikuta taratibu kamili za Wanyakyusa, na tangu hapo neno moja la Kiswahili limelazimika kubeba maana ambayo pwani halikuwa nayo.

Neno lenye utata zaidi ni mahari. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, naye ndiye mwenye kuamua ayatumieje, na mzazi anayeyachukua bila ridhaa yake amechukua kisicho chake. Kyela jambo ni kinyume kabisa: kwa desturi, ng'ombe hutoka upande wa mwoaji na kuingia katika zizi la baba wa binti, na mara nyingi hao hao ndio wanaotumika kumwolea mke kaka yake, hata dada na kaka wakafungamana kwa mifugo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza kwamba koo zilizopeana ng'ombe wa ndoa zilihesabika kuwa ndugu, wenye wajibu wa kusaidiana na kuhudhuria misiba ya wenzao. Ng'ombe hao pia ndio walioamua watoto ni wa ukoo upi, kwani pasipo ng'ombe baba wa mke alikuwa na dai juu ya wajukuu. Hivyo msemaji wa Kyela anaposema "kulipa mahari" hakosei sana, ingawa wapo wanaokipendelea kitenzi "kutoa" kwa kuona kwamba kulipa kunanukia biashara. Kinacholipwa ni deni kati ya koo mbili, na kwa kawaida halimaliziki siku moja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilichukua njia nyingine. Kifungu cha 9 kinaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu kwa maisha yao yote, na kifungu cha 41 kinasema kwamba kutotimiza desturi ya mahari hakuibatilishi ndoa. Kwa hiyo wanandoa waliofunga ndoa bomani, yaani mbele ya msajili wa serikali, ni mke na mume kamili kisheria hata kama ukoo wa mke haujapokea ndama. Kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi kwa kuweka dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakatambulika na watu kuwa mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtaani hali hiyo huitwa kuishi kinyumba, na wazee wengi hawaiiti ndoa. Hapo ndipo mashauri yanapozaliwa, kwa sababu mzee anapotamka "hawajaoana" anazungumzia ng'ombe, na hakimu anazungumzia miaka.

Vitenzi navyo vina mpangilio wake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba huoza, na wawili huoana. Kinyakyusa nacho hutenganisha ukwega, kuoa, na ukwegigwa, kuolewa. Ni kauli ya kutendana, kuoana, inayokaribiana zaidi na tafsiri ya sheria, ila katika mazungumzo ya kawaida ndiyo inayosikika kwa nadra.

Neno mkwe, ambalo Kiswahili hulitumia kwa pande zote mbili, yaani kwa mzazi wa mwenzi na kwa mwenzi wa mtoto, halitoshi kueleza uzito wa uhusiano huo Unyakyusa. Mke wa mwana alitakiwa kumkwepa baba mkwe: asimtazame, asikutane naye njiani, wala asitaje jina lake. Desturi hiyo huitwa ukutila, neno lenye maana ya kuogopa. Kwa vile majina mengi ya watu hufanana na maneno ya kawaida, mwiko huo uliyagusa hata maneno yanayolingana kwa sauti na jina la mkwe, na mke akalazimika kuyatafutia mbadala, ama kwa neno la lahaja jirani, ama kwa kukieleza kitu kwa kazi yake. Wilson aliuhusisha mwiko huo na vijiji vya rika, ambamo vijana waliishi mbali na baba zao, hivyo wake zao wakawa mbali na wakwe. Vijiji hivyo vilitoweka katika karne ya 20, na mwiko ukapoteza nafasi iliyokuwa ikiuwezesha, kwa maana ni vigumu kumkwepa mtu ambaye mnachota maji kisima kimoja.