Uzi na Sindano Katika Siku za Eda

Wiki hii tunazungumzia kazi ya mikono ambayo wengi wetu tumeikuta majumbani tangu utotoni, nayo ni kufuma kwa sindano ya kroshia. Ni wachache kati yetu wasiokumbuka kitambaa cha kroshia juu ya kiti au meza, kilichofumwa na nyanya au shangazi. Siku hizi sindano hiyo hiyo hufuma na mengine: wanyama wadogo wa kuchezea watoto, mikoba, shali, na kofia za kuvaa ndani ya hijabu. Wapo wanaoiona kuwa ni kazi ya kupitishia wakati tu. Sisi nasi tuliiona hivyo, mpaka mwenzetu mmoja alipofiwa na mumewe.

Tu wanawake saba wa mtaa mmoja katika Mji wa Kale wa Mombasa, na hukutana kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, kila mmoja na uzi wake. Mwenzetu huyu hakuwa miongoni mwetu. Alikuwa jirani apitaye mlangoni, akatusalimu, akatutania kuwa watu wazima tunafuma paka na sungura, kisha akaenda zake. Mumewe alipofariki, aliingia eda. Ametupa idhini ya kuyasimulia haya. Jina lake tumelihifadhi.

Eda ya mjane, kama tunavyosoma katika Suratul Baqara, aya ya 234, ni miezi minne na siku kumi, ila kwa aliye mjamzito, ambaye eda yake humalizika kwa kujifungua. Katika muda huo mjane hukaa nyumbani, hajipambi, hatii manukato wala wanja. Siku za mwanzo nyumba hujaa watu. Baada ya hitma kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na mjane hubaki na mchana mrefu. Tulipokwenda kumtazama, alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Sala nasali, Qurani nasoma, lakini baina ya sala na sala mikono yangu haijui pa kukaa.” Kwa miaka thelathini mikono hiyo ilikuwa imepiga pasi kanzu za mumewe na kumtengea chai ya jioni. Sasa kanzu zilikuwa zimekunjwa sandukuni.

Alhamisi iliyofuata tulihamishia kikao chetu nyumbani kwake. Mkubwa wetu, ambaye ujanani alisuka mikeka ya ukili, alimwekea mapajani sindano ya kroshia ya milimita 3 na kibonge cha uzi wa pamba. Hakumhimiza. Alimwambia tu kwamba wazee wetu hawakuwa wakikaa bure barazani. Walisuka ukili huku wakizungumza, na mazungumzo yalikuwa mepesi zaidi kwa sababu macho yalikuwa kwenye kazi.

Tulianza kumfundisha kufuma tufe, kwa kuwa anayejua kufuma tufe amekwisha jua kufuma nusu ya mnyama. Mzunguko wa kwanza una mafundo 6, yaliyofumwa ndani ya kitanzi kimoja. Wa pili una 12, kwa kutia mafundo mawili katika kila tundu. Wa tatu huwa 18, wa nne 24. Kuanzia wa tano hadi wa nane hakuna kuongeza, ni 24 kila mara. Kisha hupunguzwa kwa kuunganisha mafundo mawili kuwa moja: 18, halafu 12. Hapo hutiwa pamba, kisha hubaki 6 na tundu hufungwa. Ukijumlisha yote, kichwa cha paka mdogo ni mafundo 192. Kwa kuwa mizunguko huendelea bila kuungwa, huwekwa uzi wa rangi nyingine kwenye fundo la kwanza la kila mzunguko, mfumaji asipotee.

Tufe lake la kwanza lilitoka kama boga lililolaliwa. Alitaka kulitupa. Tukamwonyesha kwamba katika kroshia kosa halipotezi uzi: huvuta ncha, ukafumua mpaka pale ulipokosea, ukaanza tena. Alifumua mara nne. Baadaye alituambia kuwa ile hesabu ndiyo iliyompumzisha kwanza. Mtu anayehesabu mpaka ishirini na nne hana nafasi ya fikira nyingine, na akimaliza huanza tena moja.

Wala si mara ya kwanza sindano hii kuwakuta wanawake katika dhiki. Jina lake limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ndoano ndogo. Katika karne ya 19, njaa kuu ilipoikumba Ireland tangu mwaka 1845, wanawake wengi walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia, na kazi hiyo ikawa riziki ya nyumba zilizopoteza mavuno ya viazi. Ufundi wa kufuma wanyama wadogo wa kuchezea ulipata umaarufu kutoka Japani, ambako huitwa amigurumi.

Alipofika kwenye mnyama wenyewe, mwenzetu alisita. Je, si kosa kuunda sura ya kiumbe? Swali lake lilikuwa la haki, nasi tukalipeleka kwa ustadhi wa madrasa yetu. Alitukumbusha kwamba Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwuliza juu ya mbawa hizo, Bi Aisha alimjibu kwa habari ya farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Akatukumbusha pia simulizi ya Bi Rubayyi binti Muawwidh kuhusu funga ya Ashura: waliwafungisha watoto wao na kuwatengenezea vichezeo vya sufu, na mtoto akililia chakula alipewa kichezeo hicho mpaka wakati wa kufuturu. Kwa hivyo, alisema, wanazuoni wengi wamevitoa vichezeo vya watoto katika makatazo ya sanamu, ingawa wapo wanaopendelea visiwe na sura kamili ya uso. Mwenzetu alichagua kufuma wanyama wasio na macho wala mdomo. Baadhi yetu hutia macho ya uzi. Hatujagombana kwa hilo.

Mnyama wake wa kwanza alikuwa kasa. Ana mjukuu wa miaka minne, ambaye babu yake alizoea kumpeleka pwani kila jioni kutazama mashua. Babu alipofariki, mtoto aliendelea kusimama mlangoni ikikaribia Magharibi, akingoja kuchukuliwa. Kuambiwa kuwa babu amerudi kwa Mola wake hakukumtosha. Kasa alimalizika baada ya wiki mbili, gamba la kijani, miguu minne, mmoja mfupi kuliko mingine. Hatutasema kwamba mtoto aliacha kuuliza. Lakini siku hiyo alikwenda mlangoni na kasa kifuani, na ilipoadhiniwa alirudi ndani mwenyewe, bila kuvutwa. Tulikumbuka vile vichezeo vya sufu.

Baada ya kasa alifuma punda, kwa ajili ya wajukuu walioko Lamu, kisha akageukia vitu vya kuvaa. Binti zake wawili walipata kofia za ndani ya hijabu, za uzi mwembamba wa pamba, usioleta joto. Mkwewe alipata shali. Watu walipoona kazi yake walimhimiza auze. Huenda atauza, na si vibaya. Lakini alisema vya eda ni vya zawadi. Tuliona ana busara, kwani kazi ya siku tano ikianza kupimwa kwa bei ya dukani, raha yake huondoka mapema.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, vifaa si vingi: sindano moja ya kroshia, uzi wa pamba, mkasi na sindano nene ya kushonea. Kwa mnyama wa kuchezea, chagua sindano ndogo kuliko inavyoelekezwa kwenye karatasi ya uzi, ili mafundo yabane na pamba isichungulie. Sufi ya msufi ni laini na nyanya zetu waliipenda kwa mito, lakini huganda ikilowa. Kwa kichezeo kitakachofuliwa mara kwa mara, pamba nyepesi ya dukani ni bora. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, usitie vifungo wala shanga kuwa macho, maana akiving'oa vinaweza kumkaba; daraza macho kwa uzi. Na adhana ikisikika, sindano iwekwe chini.

Tangu mwezi wa tatu wa eda tulikuwa tukimwona akifuma mkoba mweusi, mpana, wenye mkanda mrefu. Tulipouliza ni wa nani, alisema ni wake. Ulipokamilika aliuweka sandukuni pamoja na zile kanzu.

Siku aliyotoka eda tulikwenda kumchukua. Alikuwa amevaa buibui jipya, na mkoba ule begani. Alikwenda kwanza kuwasalimia wakwe zake. Alhamisi iliyofuata alipita mlangoni petu kama zamani, akatusalimu, ila safari hii hakuenda zake. Aliketi, akatoa uzi.

Ndugu msomaji, ikiwa una jirani aliye katika eda, au mgonjwa asiyetoka, mwendee baada ya hitma, wageni wanapopungua. Mchukulie uzi na sindano, ukae naye, wala usiharakishe kuondoka. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape subira waliobaki. Amin.