Aliyepona arudi kwa nani?

Injili ya Marko sura ya 5 inatupeleka ufukweni mwa ziwa. Yesu anaposhuka kutoka mashuani anakutana na mtu aliyekuwa akiishi makaburini. Watu walikwisha kumfunga minyororo mara nyingi, akaikata.

Aliyekulia Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, anaielewa habari hii upesi. Ufipa yetu husimuliwa kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hata hivyo, mtu akianza kusema peke yake njiani, wengi husema amerogwa. Watoto humzomea, wakubwa humkwepa, na ndugu wakichoka hutafuta kamba.

Tuangalie mwisho wa habari. Mtu yule sasa ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Wenyeji wanaogopa, na nguruwe wao wapatao 2,000 wamezama. Wanamsihi Yesu aondoke. Aliyepona anaomba afuatane naye, lakini Bwana anamtuma nyumbani kwa watu wake. Amemponya, kumpokea anawaachia majirani.

Kanisa limeufanya utume huu tangu zamani. Kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, kisha kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Serikali nayo ina Mirembe, Dodoma. Lakini hospitali humtibu mtu, kisha humruhusu aende nyumbani. Huko nyumbani ni kwetu.

Basi tufanye nini? Kutoka Kasanga hadi Sumbawanga mjini ni zaidi ya kilomita 100. Dawa zikimwishia mgonjwa, huenda kinachomkwamisha ni nauli tu. Jumuiya inayochanga kwa ajili ya msiba inaweza kuchanga pia kwa ajili ya aliye hai.

Dawa nyingine humfanya mtu asinzie, tusimwite mvivu. Kukosa usingizi nako kunaweza kuurudisha ugonjwa. Mwenye mtumbwi asimpeleke kuvua dagaa usiku. Ampe kazi ya kuanika mchana. Jirani akiona mwenzake halali tena, au ameanza kujitenga, awaambie ndugu zake mapema, kabla hali haijawa mbaya.

Tena tusigombanishe maombi na dawa. Tumwombee mgonjwa, na kesho yake tumsindikize kliniki. Anayemwambia atupe vidonge ili aonyeshe imani anamtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha.

Na tumwite kwa jina lake. "Kichaa" si jina la ubatizo.

Jumapili hii, kabla ya ibada kuanza, tazama benchi lako. Kama yupo mtaani kwenu mtu aliyerudi kutoka hospitali na bado anasimama nje ya mlango wa kanisa, toka umfuate. Mwambie, "Karibu, ndugu yangu, tukae wote." Kisha sogea, umpe nafasi.