Tanuri la mkate: pima kabla ya kujenga

Leo tunajenga tanuri la matofali lenye kuba, yaani paa la mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Kule Naples, Italia, tanuri la namna hii huivisha piza kwa dakika moja au moja na nusu. Sisi tutaoka mkate.

Kabla hujabeba tofali hata moja, jiulize: tutaoka mara ngapi kwa wiki, na tuko wangapi? Tanuri hili hula kuni nyingi mwanzoni. Unawasha moto saa mbili nzima bila kuoka kitu, matofali yanakunywa joto, ndipo baadaye yanalirudisha polepole. Ukioka mikate minne tu, umepoteza kuni, na wewe unajua akina mama na mabinti hupitia nini wakienda kuzitafuta. Ukioka mkupuo wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa joto la moto ule ule, hapo kuni zimelipa. Kwa hiyo lisiwe tanuri la nyumba moja. Liwe la kikundi, au la familia sita saba zilizokubaliana siku za kuoka. Kama hamjakubaliana, subirini kwanza.

Chagueni mahali pa wazi, mbali na mahema na nyumba za nyasi, na mwambieni kiongozi wa mtaa mapema. Cheche ikitua kwenye turubai, haiunguzi nyumba moja tu. Udongo nao usichimbwe karibu na makazi, maana shimo likijaa maji ya mvua watoto huzama na mbu huzaliana.

Udongo wa kichuguu ni mzuri, ukichanganywa na mchanga. Finyanga donge kama chungwa, liangushe kutoka usawa wa kifua. Likisambaratika, mchanga umezidi. Likitandazika kama uji, maji yamezidi. Saruji usiitumie kwenye kuba hata ukipewa bure, joto huipasua. Matofali yawe ya kuchoma.

Kitako kijengwe kwa mawe hadi kiunoni, kijazwe kifusi. Juu yake weka chupa tupu za kioo zilizozikwa kwenye mchanga, ili joto lisizame chini, kisha panga matofali ya sakafu yabanane bila udongo katikati. Moja likivunjika utaling'oa peke yake.

Sasa vipimo. Chora duara lenye upana wa sentimita 80. Rundika humo mchanga wenye unyevu hadi kimo cha sentimita 40, uutengeneze kama kuba, uufunike kwa karatasi zilizoloweshwa. Mdomo uwe na kimo cha sentimita 25. Huna rula? Karatasi ya kawaida ya ofisi ina urefu wa karibu sentimita 30.

Kwenye mdomo ndipo wengi hukosea. Tanuri hili halina bomba la moshi: hewa inaingia chini ya mdomo, moshi unatoka juu ya mdomo huo huo. Ukiwa mrefu mno, joto linatoroka. Ukiwa mfupi mno, moto unakosa pumzi na kufuka tu. Ukijenga kuba la sentimita 50, mdomo uwe 31 au 32.

Zungushia mchanga huo nusu tofali kwa udongo, duara juu ya duara, hadi tofali la mwisho juu libane mengine yote. Baada ya siku mbili tatu, toa mchanga kwa mkono, kidogo kidogo, kupitia mdomoni. Nje paka udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, unene wa kiganja. Juu simamisha paa la bati dhidi ya mvua.

Halafu subiri. Tanuri langu la kwanza niliwasha moto mkubwa siku ya tatu, maana unga tulikuwa tumeshanunua. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yaligeuka mvuke, jioni kuba likawa limepasuka toka juu hadi chini. Acha wiki nzima likauke. Kisha washa moto mdogo wa vijiti kila siku, siku tano au sita, ukiongeza taratibu. Nyufa nyembamba zibe kwa udongo, hizo si tatizo.

Siku ya kuoka, tazama kuba kwa ndani. Kwanza litakuwa jeusi kwa masizi. Masizi yakiungua na matofali kuonekana tena, joto limetosha. Toa makaa yote, yazime kwa maji, futa sakafu kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti. Rusha unga kidogo ndani: ukiwa mweusi papo hapo, ngoja, ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mikate na uzibe mdomo kwa ubao uliolowa maji.

Mikate ikiisha, weka viazi vitamu au mihogo. Na usiku, joto likiwa limebaki la kugusika kwa mkono, jaza humo kuni za kesho zikauke.