Pikipiki haichaji: pima kwanza kabla ya kununua betri

Betri mpya ikikufia ndani ya miezi mitatu, usikimbilie kununua nyingine. Chunguza kwanza kinachoichaji. Kwa dereva wa bodaboda anayebeba mgonjwa usiku kutoka kijiji cha Bahi au Chemba kwenda kituo cha afya, taa inayofifia njiani ni hatari.

Umeme wa pikipiki unaanzia kwenye injini. Sumaku inazunguka koili, koili inatoa umeme, kisha rektifaya, kile kifaa kidogo cha alumini chenye mapezi, inaugeuza na kuuzuia usizidi kabla haujafika kwenye betri.

Tunashauri uanze na vya bure. Safisha unga mweupe kwenye vichwa vya betri, kaza nati, angalia fyuzi, na kaza waya wa asi uliofungwa kwenye fremu. Mtikisiko wa barabara zetu huulegeza. Kama betri yako ni ya kuongeza maji, kiangazi hiki kirefu huyakausha. Ongeza maji ya betri ya dukani, wala si ya kisima: visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi huiua betri.

Bado? Azima mita kwa fundi redio. Iweke kwenye DC, injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, vinginevyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Kisha washa injini na uongeze resi. Ukisoma kati ya 13.5 na 14.5, chaji ni nzima. Betri imechoka, au umeizidishia mzigo wa taa za ziada, chaja ya simu na redio (ndiyo, hata ya kutusikiliza sisi). Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti umeme, na betri itachemka. Namba isipopanda kabisa, chaji haifiki.

Hapo zima injini, chomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye koili, weka mita kwenye AC, kisha uwashe tena. Kama kuna nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi njano, zipime mbilimbili. Vipimo vyote vitatu vilingane na vipande pamoja na resi. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Koili ikiwa nzima, na nyaya hadi kwenye betri ni nzima, mshuku rektifaya. Kagua pia soketi yenyewe. Iliyoyeyuka au kuwa nyeusi huzuia umeme.

Mafundi wengi hukosea hapa: pikipiki nyingi za zamani za cc 100 hadi 125 zina koili ambayo ncha yake moja imeungwa kwenye mwili wa injini tangu kiwandani. Mita ikilia kati ya waya na injini, hilo si kosa. Katika nyingi ya hizo, taa ya mbele hula umeme wa koili moja kwa moja, ndiyo maana hufifia ukipunguza resi hata kama betri ni mpya.

Usikubali fundi achomoe waya wa betri injini ikiwaka eti anajaribu chaji. Volti hupanda ghafla na kuunguza balbu, hata CDI.

Ukienda dukani kununua rektifaya, beba ile ya zamani. Soketi zinaweza kufanana kabisa huku mpangilio wa nyaya ndani yake ukiwa tofauti.