Mgeni jijini na kimo cha KICC: Kwa nini magoti hulegea kileleni

WAHENGA walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mtu anayeshuka basi katika steji ya River Road kwa mara ya kwanza, akiwa pekee, huwa ameusiwa na jamaa zake asiulize njia ovyo, asikodolee macho majumba na asitoe simu barabarani. Matokeo yake ni kwamba wengi huingia Nairobi, hutimiza lililowaleta, iwe ni usaili wa kazi au kumjulia hali mgonjwa, na kurejea makwao bila kuliona jiji lenyewe.

Ipo njia moja ya kulisoma jiji hili bila kumtegemea mtu. Nayo ni kupanda hadi paa la Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta (KICC), kisha kushuka na kuanza matembezi. Wageni wengi hufanya kinyume: huzurura kwanza, wakapotea, na kulikumbuka jumba hilo jioni miguu ikiwa imekwisha nguvu.

Sura ya KICC si ngeni kwa Mkenya yeyote. Imo katika noti zote zilizozinduliwa mwaka 2019, kuanzia ya Sh50 hadi ya Sh1,000, pamoja na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyo uani mwake. (Sanamu hiyo ilizua kesi mwaka uo huo, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye pesa za nchi. Kesi ilitupiliwa mbali.) Lakini kulibeba jumba mfukoni ni jambo moja, na kulipanda ni jingine.

Ujenzi ulianza mwaka 1967 na kukamilika mwaka 1973. Mbunifu alikuwa Karl Henrik Nøstvik, msanifu majengo kutoka Norway aliyekuwa akihudumu serikalini, akishirikiana na David Mutiso. Lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, lakini ilipobainika kuwa Nairobi ingeandaa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) Septemba 1973, mpango ukapanuliwa hadi kufikia orofa 28 na kimo cha mita 105.

Times Tower, yenye mita 140 na iliyokamilika mwaka 2000, inalizidi kwa kimo. Siku hizi hata Times Tower imepitwa. Britam Tower iliyoko Upper Hill ina mita 200. Hata hivyo, KICC bado lina fadhila mbili. Liko katikati ya jiji, na paa lake, ambalo ni kiwanja cha kutua helikopta, hufunguliwa kwa mwananchi anayelipa ada. Isitoshe, serikali ya NARC ililitwaa kutoka kwa KANU mwaka 2003 na kulirejesha mikononi mwa umma. Apandaye hapandi kwa hisani ya yeyote.

Langoni mgeni hukaguliwa. Ni busara kuulizia mapema kama paa limefunguliwa siku hiyo, kwani kukiwa na mkutano wa viongozi ulinzi hukazwa. Lifti humfikisha karibu na kilele, kisha ngazi humalizia safari. Hapo, upepo unapompiga usoni, ndipo mtu hugundua kuwa magoti yake yamelegea. Aliyefuatana na mwenzake hushikwa mkono na kutaniwa. Aliye pekee hushika ukuta, na wapo wanaorudi chini papo hapo wakijilaumu kwa woga.

Lawama hiyo si ya haki. Mwili hujisawazisha kwa kutegemea vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia zitokazo kwenye misuli na nyayo. Hakuna binadamu anayesimama tuli kabisa. Kila mmoja huyumba kidogo bila kujua, na macho hulisahihisha yumbo hilo kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu kama vile mti, ukuta au mtu mwingine. Kileleni, kila kitu kiko mbali. Macho hayaoni tena kule kuyumba, lakini nyayo na sikio la ndani bado hukuhisi. Habari hizo zinapogongana, ubongo hupiga kengele ya hatari, moyo ukadunda na viganja vikalowa jasho.

Hali hiyo imeenea mno. Uchunguzi uliofanyiwa watu zaidi ya 3,500 nchini Ujerumani ulionyesha kuwa takriban asilimia 28 wamewahi kuipata maishani. Anayeshikwa na kisunzi hata akiwa ardhini ana tatizo jingine, nalo ni la kupelekewa daktari.

Tiba ya kileleni inatokana na chanzo chenyewe. Mtu ayape macho kitu cha karibu: ashike chuma cha ukingo na kukitazama kwanza. Kisha ainue macho polepole hadi upeo wa mbali, wala si chini barabarani moja kwa moja. Asitazame mawingu yanayokimbia, kwani humfanya adhani jengo linaanguka. Muhimu zaidi, asikimbilie ngazi. Hofu hupanda, hufika kikomo chake, kisha hushuka yenyewe kwa anayeisubiri.

Ikishashuka, jiji hujifunua. Magharibi liko Bunge na mnara wake wa saa, na nyuma yake Uhuru Highway, ambako barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 hupita, kisha Uhuru Park. Kusini ni stesheni ya reli, chimbuko la Nairobi tangu reli ilipofika mwaka 1899, na mbali zaidi ni mbuga ya wanyama. Milima ya Ngong iko kusini-magharibi. Mwezi wa Julai mawingu huificha milima hiyo. Januari na Februari huwa na anga safi zaidi.

Mashariki ni Moi Avenue, ikifuatwa na Tom Mboya Street, kisha River Road aliposhukia asubuhi. Akilipa jua la alasiri mgongo na kuvuka barabara mbili hizo za kwanza, atafika steji bila kumuuliza mtu.