Kibarua Kilipopewa Kinywa

"Mjomba, mtu akisema kibarua chake kimeota nyasi, ana maana gani?"

Ahsante, mwanangu, kuuliza si ujinga. Ana maana kazi imemtoka. Lakini neno lenyewe lina hadithi. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Hebu tukipe kinywa, kitusimulie.

"Mimi ni Kibarua. Nilikaa mfukoni kwa kuli wa Kilindini, Mombasa. Alfajiri yuko langoni. Meli ikija, mnyapara anamwita, anabeba magunia mpaka jua lizame. Meli isipokuja, anarudi mikono mitupu. Na mwenye chumba anataka kodi yake, meli ije, isije."

"Kwa nini hakudai nyongeza?"

"Akidai peke yake, mnyapara anaita: 'Haya, wewe wa nyuma, njoo!' Na nyuma walijaa tele.

"Basi Januari 1947 wakadai pamoja. Makuli, watu wa reli, watumishi wa majumbani, maelfu kwa maelfu. Siku 12 waligoma. Walikutana kwenye uwanja waliouita Kiembeni. Hapo akatokea kiongozi, Chege Kibachia. Mishahara ikapanda. Yeye akakamatwa mwaka huohuo, akapelekwa mbali, Baringo.

"Miaka ya 1950 bandari ikafungua daftari la majina. Wengine wakaajiriwa kwa mwezi. Meli ije, isije, mshahara upo!"

"Wote, Mjomba?"

Swali zuri hilo! Sikiliza. Kuna chungu cha wali uani. Zamani kila apitaye alichota kijiko kimoja, siku nyingine akakosa. Sasa mkeka umetandikwa. Aliyekaa mkekani ana sahani yake, anashiba. Aliye nje ya ua hapati hata kile kijiko. Ananusa tu.

"Basi daftari lile lilikuwa baya?"

La, mwanangu. Bila mkeka, wote walilala nusu njaa. Ila daftari hilohilo lililotandika mkeka ndilo lililojenga ua. Ndani mshahara ulipanda, nje watu walibaki bila kazi. Kwa hiyo ukimwona mtu ambaye kibarua chake kimeota nyasi, usikimbilie kumwita mvivu. Pengine mkeka ulijaa kabla hajafika. Na mkeka husukwa na watu, watu wanaweza kuuongeza upana.

"Mjomba, na kalamu ya lile daftari anaishika nani?"

Ewaa! Swali kama hilo ndilo lililowapeleka makuli Kiembeni.